Feni ya Gari la Maame Konadu

Suame, Kumasi
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tik: hiyo ndiyo sauti iliyonikaa sikioni wiki tatu hizi, na hata sasa ninapokusalimu naisikia. Natumai miguu yako imepungua kuvimba na kwamba mdogo wangu Pokuaa anakukanda kwa maji ya chumvi kama alivyoahidi. Mimi ni mzima, ingawa sina raha, na sababu utaijua. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na usiwasomee wenzako wa kwaya.

Sauti yenyewe ni ya rilei, kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye feni ya kupoza injini. Maame Konadu, muuza viazi vikuu wa hapa jirani, alileta gari lake akisema linachemsha kila anapokwama kwenye foleni, lakini akikimbia barabara kuu linapoa lenyewe. Bosi Dwomoh, mwenye gereji yetu, alinikabidhi mimi kwa kuwa nimesoma chuo. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaiacha injini ipate moto mpaka rilei ikalia tik, ila feni haikugeuka. Nikavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, nikailisha feni yenyewe, ikavuma. Nikatangaza mbele ya gereji nzima kwamba feni haina ubaya, rilei ndiyo mbovu.

Fuseini alikuwa amechuchumaa akinywa uji wake. Unamkumbuka: yule fundi umeme wa Tamale, aliyekaa na Bosi miaka kumi na mmoja bila kujua kusoma. Akaniuliza, "Profesa, feni umeipa waya wako wa chanya, ukaipa na wa hasi. Sasa waya wake wa ardhi, ule wa kurudishia umeme uliofungwa kwenye bodi, umeuuliza saa ngapi?"

Mafundi wakacheka. Nami, Mama, nilimjibu vibaya. Nilisema mtu ambaye dawa yake ya kila feni ni kupiga dairekti, kuunga waya ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa, asinifundishe umeme. Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Alisema tu, "Haya, Profesa. Kiburi nacho huchemsha," akarudia uji wake.

Nikaweka rilei mpya. Tik, na feni kimya. Maame Konadu alikuwa njiani kuchukua gari, ana mzigo wa kuchukua Ejura, na Fuseini alikuwa ameenda kuswali. Hapo nikafanya kile kile nilichomcheka. Nilipiga dairekti, nikazungusha utepe mweusi kama wa kwake. Bado feni ilisita, nikaitikisa soketi yake, ikazunguka. Sikujiuliza kwa nini imetaka kutikiswa. Nilifunga boneti.

Kwenye mlima wa Mampong, njiani kwenda Ejura, ule waya wa ardhi, uliokuwa umeliwa na kutu, ukaachia kabisa. Feni ikasimama, injini ikaungua, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda. Gari lilirudi likivutwa. Bosi alifungua boneti, akaona utepe mweusi, akamwita Fuseini. Alimfukuza kazi bila kumuuliza swali, maana katika gereji yetu dairekti ilikuwa kama sahihi ya Fuseini. Fuseini hakumtazama Bosi, alinitazama mimi, akangoja. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nikaendelea kufuta spana iliyokuwa safi. Akakunja mkeka wake wa kuswalia, akaondoka.

Jioni hiyo Bosi akatangaza kwamba Jumamosi hii nitahitimu, nimwagiwe poda kichwani kama ilivyo desturi na kukabidhiwa spana zangu, kisha nishike nafasi ya Fuseini. Uliponipigia ukilia kwa furaha kwamba umeshonesha nguo nyeupe, nilikuambia simu inakatika. Haikuwa inakatika, Mama.

Jana asubuhi, kabla kazi haijaanza, nilisimama mbele ya wote nikasema ni mimi. Bosi akasema poda yake haipakwi juu ya uongo, na kwamba nikamrudishe Fuseini mimi mwenyewe. Maame Konadu naye nilimwambia. Alinitukana, na nilistahili.

Fuseini nilimkuta mtaa wa Aboabo, mlangoni kwa dada yake, akitengeneza feni za mezani. Nilipiga magoti. Hakuniinua. Alisema alijua tangu alipouona ule utepe. "Mimi ni wa mkono wa shoto, nazungusha kinyume na watu. Ule ulizungushwa kwa mkono wa kulia, na mtu wa chuo." Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema alinipa nafasi nitangulie mimi, na alivyoona nimeng'ang'ania spana, akaona hapana haja. Kurudi kwa Bosi amekataa. Bosi alimtazama akifanya kazi miaka kumi na mmoja, alisema, na siku moja tu ya kumuuliza swali ikamshinda.

Kwa hiyo usipande basi Jumamosi. Nguo nyeupe iweke, au mpe Pokuaa. Nisamehe kwa aibu utakayoipata kanisani. Hiyo pia nimekutwika mimi. Leo asubuhi nimemuaga Bosi na kuhamishia sanduku langu Aboabo. Fuseini hajanikubali wala hajanifukuza. Amenisogezea kigoda na feni moja isiyogeuka, akaniambia nianze na waya wa ardhi.

Mpe Pokuaa salamu, na majirani wote watakaokuuliza habari zangu waambie ukweli.

Ni mimi mwanao,
Birago