Neno Kwenye Kona ya Kadi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua umeipokea huku umenuna. Goti lako linaendeleaje? Shemeji hajambo, na ile redio yake bado inahubiria mtaa mzima? Mama je, anameza dawa zake au anazificha chini ya mto halafu anadai zimekwisha? Mpe shikamoo yangu, umwambie namwona kutoka huku huku. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba sisi ni wazima na wasiwasi wetu ni kwa yule aliye mbali. Leo nageuza. Ninyi mlio mbali naamini ni wazima. Wasiwasi wote umo humu chumbani kwangu, umekaa ukingoni mwa kitanda na mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Tangu Jumanne nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu umenikatia. Ya kwanza ulisema hutaki kusikia mtu akimtetea mtoto mvivu. Ya pili ulisema nimemdekeza. Ya tatu hukusema kitu, nilisikia tu redio ya shemeji halafu kimya. Ndiyo maana naandika, kwa sababu karatasi haina mahali pa kukatia. Fundi cherehani jirani yangu anakuja huko Jumamosi, na nimemsisitiza barua hii aiweke mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Nina hasira, dada. Nakwambia mapema ili ukikutana na maneno makali usidhani kalamu imeteleza.

Nianze na huo uvivu. Kifungua mimba wako amefanya kazi pale kiwanda cha kufulia wiki saba, na hajachelewa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kunyooshea mashuka ya hoteli. Ni roli refu la chuma, la moto, linazunguka. Wasichana wawili wanashika shuka bichi kila mmoja pembe yake, wanaliingiza, na upande wa pili linatoka kavu limenyooka. Mbele ya roli kuna ubao mwembamba. Ukiugusa kwa mkono, mashine inasimama hapo hapo, na umewekwa kwa ajili hiyo tu. Sasa, kwa kuwa ulikuwa unaguswa mara kwa mara na kazi inasimama, msimamizi aliufunga kwa waya. Ijumaa iliyopita shuka lilikunjamana, mwanao akanyoosha mkono kulitengeneza, na vidole vikaenda na shuka. Ubao aliugusa. Ubao haukufanya kitu. Mwenzake alikimbia mpaka ukutani kuzima swichi, na katika huo muda wa kukimbia ndimo mkono ulimoungulia. Msimamizi alipofika, aliuliza kwanza kama shuka limeharibika.

Daktari anasema vidole viwili huenda visinyooke tena. Hilo bosi wangu, Mama Nafasi, aliyemtafutia kazi hiyo, hakukwambia alipokupigia Jumanne. Najua alichokwambia kwa sababu alipiga akiwa mezani kwake na mimi nimekaa mbele yake napanga karatasi. Alisema binti ameungua kidogo, akaondoka bila kuaga, na kwamba kwa heshima ya familia yetu nafasi yake inamsubiri mpaka Jumatatu. Nawe ukashukuru, nikakusikia unavyoshukuru. Ukamwombea na dua. Kisha ukampigia mtoto ukamwambia Jumatatu arudi kazini akaombe radhi.

Ninaelewa kwa nini unamshukuru, usidhani sielewi. Baba alipofariki, ni yeye aliyeleta viti na turubai, akakaa jikoni na wanawake siku tatu anamenya na kuosha kama ndugu wa damu. Kila msiba wa mtaa huu yumo. Vijana wa mpira wamevaa jezi zenye maneno ya ofisi yake mgongoni, Tunakujua, Tunakutafutia, na maneno hayo hayo yamepakwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango wetu, kati ya duka la dawa na fundi viatu. Nusu ya watu wa huku wamepata kazi kwenye lile benchi lake la kungojea. Walinzi, wapishi, wafagiaji, madereva, hata muuguzi aliyemfunga mwanao bandeji alipitia pale. Ndiyo maana hakuna anayeweza kumsema. Utamsema vipi mtu aliyemfariji mama yako?

Lakini wewe hujui mambo ya kadi, na leo utayajua.

Kila anayekuja kutafuta kazi ana kadi yake kwenye sanduku la mbao. Mbele tunaandika umri, ujuzi, simu, anapoishi. Halafu juu, kwenye kona ya kulia, panaandikwa neno moja kwa penseli. Mwepesi, huyo anapelekwa kwenye maghala na kupakia mizigo. Mnadhifu, huyo ni wa majumbani na hospitali. Msemaji ni mtu anayeuliza maswali, kazi inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, na huyo anakaa benchini mpaka anafahamiana na misumari yake. Na kuna mvumilivu. Mwenye neno hilo hamalizi wiki bila kazi, kwa sababu anapelekwa kule ambako wengine wamekimbia. Kile kiwanda cha kufulia kilikuwa kimepoteza wasichana watatu ndani ya miezi minne. Walipopiga simu kuomba wa nne, Mama Nafasi hakuuliza nani anaijua mashine. Aliniambia nimtolee wavumilivu.

Jumatano nilimfuata mezani kwake nikamweleza habari za ule waya. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Alisema waya anaujua, wasichana wengine walifanya kazi nao na hawakufa, na kile kiwanda huchukua watu wake kila mwezi, hawezi kukigombeza kwa ajili ya mkono mmoja. Aliyasema hayo kwa macho makavu, dada, huku anamimina chai. Halafu akanitazama akaniuliza kama lile neno kwenye kadi ya binti yetu lilikuwa la uongo. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimenywea, nikaendelea kupanga karatasi mpaka saa ya kufunga.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Kasuku. Unakumbuka ilivyokuwa: sahani ikivunjika, kabla mama hajauliza nimeshasema nani kaivunja, na kama ni mimi nimejitaja pia. Mlikuwa mnanikimbia mkitaka kuiba sukari. Basi, miaka sita nimekaa kwenye ofisi ile, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kufikiria kuniita hivyo.

Jana asubuhi benchi lilikuwa limejaa, watu kumi na moja, wengine wamesimama mlangoni. Nilichukua sanduku la kadi nikalipeleka katikati yao. Nikazitoa moja moja, nikamsomea kila mtu neno lake, nikamweleza maana yake na anapelekwa wapi kwa sababu yake. Mama Nafasi alitokea nyuma ya pazia akaniomba nifunge mlango kwa sababu vumbi linaingia. Hilo tu. Nikaendelea kusoma.

Ungefikiri wangemnunia. Mimi nilifikiri hivyo. Mlinzi mmoja mtu mzima aliniambia kwa upole kwamba neno lake la mvumilivu limemsomeshea watoto wanne, na akaniuliza nina shida gani nalo. Mpishi mmoja mama alilia, akakusanya mkoba wake akaondoka, sikujua ananililia mimi au anamlilia nani. Na kuna fundi mwashi, amekaa lile benchi miezi saba, kadi yake imeandikwa msemaji. Nilipomsomea alisimama. Kisha alikuja karibu, akaniomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji, nimfutie niandike mvumilivu. Penseli nilikuwa nayo mkononi. Dada, nilitaka kupiga kelele mpaka paa la ofisi ling'oke.

Sikumwandikia. Niliweka sanduku chini, nikachukua kitambaa changu cha kichwa na kikombe changu, nikatoka. Kwa hiyo ujue pia kwamba mdogo wako amemwaga unga, na mtaani hapa sasa mimi ndiye mbaya. Leo asubuhi muuza duka amenipa chumvi bila kuniangalia usoni.

Mpaka hapa utakuwa umemkasirikia Mama Nafasi, na ndivyo nilivyotaka. Nimeandika barua yote kana kwamba yale maneno ya penseli yalijiandika yenyewe. Hayakujiandika. Niliyabuni mimi. Mwaka wangu wa kwanza pale watu walikuwa wanapelekwa ovyo, mwenye mgongo mbovu anabebeshwa magunia, na nikaona tukiweka neno moja dogo kwenye kona tutawajua na kuwatafutia panapowafaa. Mama Nafasi alinisifu mbele ya watu. Nilivimba kichwa mwezi mzima. Yalipoanza kutumika kwa namna nyingine niliona, dada. Niliona mwaka wa pili, na nikaendelea kuyaandika na kuchonga penseli.

Na kadi ya mwanao niliijaza mimi. Mwandiko ni wangu. Nilijua lile neno linampeleka wapi, na niliandika nikijua, kwa sababu ulikuwa umenisumbua kila siku kwamba mtoto anazeeka nyumbani, na mimi nilitaka nikupigie wiki hiyo hiyo nikwambie kapata. Nilitaka unisifu. Alipokuwa na wiki mbili kazini alikuja kunieleza kwamba ubao umefungwa kwa waya na anaogopa. Nilimwambia ajikaze kisabuni, si yuko kwa wafuaji, nikacheka. Naye akacheka, kwa heshima. Aliniambia baadaye kwamba wewe pia alikueleza, kwenye simu, na wewe pia ulimwambia avumilie.

Hapo ndipo hasira yangu inaposhindwa kuchagua pa kwenda. Neno hilo tulilishwa na mama tukiwa wadogo, kila tulipolia. Mimi nililichukua nikalipeleka ofisini nikalipa kona yake. Wewe ulimrithisha mtoto. Msimamizi alifunga waya, sawa, na namlaani kila nikimbadilisha mwanao bandeji. Lakini wakati anaufunga, sisi wawili tulikuwa tumeshamwandalia msichana asiyeuliza.

Sasa sikia ninachokuomba, na ukitaka kunichukia, nichukie baada ya kukifanya. Jumatatu anataka kurudi. Mimi nimemkataza kwa kila namna, nimebembeleza, nimefoka, jana nimeficha viatu vyake. Ananiangalia na yale macho yako, anasema, mama mdogo, mama amesema. Hana ubishi hata kidogo. Juzi nimemkuta uani anafua sare ya kiwanda kwa mkono wa kushoto, ameibana ndoo katikati ya magoti, anaisugua kwenye ukuta. Hanisikilizi mimi, na ana haki. Wewe atakusikiliza. Jumapili mpigie. Usianze na habari za Mama Nafasi wala za aibu, wala za viti vya msiba wa baba. Mwambie asiende. Akikuuliza kwa nini, mshukuru Mungu kwamba ameuliza, na umjibu.

Mimi ukinipigia nitapokea. Ukitaka kutukana, tukana, nitasikiliza mpaka mwisho na sitakata. Jumatatu hiyo hiyo nitakwenda kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi kueleza habari za ule waya na za zile kadi, na za mwandiko wangu pia. Sijui watanifanya nini.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze redio. Mama umkague chini ya mto. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, usingoje mpaka livimbe. Kifungua mimba wako ameniona naandika na ameniuliza ni barua ya nani. Nimemwambia ni ya mama yake. Anakusalimu sana. Anasema nikuandikie usiwe na wasiwasi, sare imekauka.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku