Jiwe la Kijani la Landrova

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Sumbawanga
Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, saa 3:20 asubuhi

Jina: Hellena binti Nestory
Umri: miaka 17
Kabila na dini: Mfipa, Mkatoliki
Kazi: sina, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana
Makazi: Malangali, nyumba ya marehemu babu Leonardi

Nimeonywa kwamba niseme yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe tu. Nimekubali. Naomba radhi kama nasema polepole, sijazoea kuongea mbele ya watu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia baba kutengeneza gari lililomuua Minza binti Malimi, kwa hiyo nitaanza na gari.

Baba yangu, Nestory Leonardi, alikuwa dereva wa mradi wa visima. Mwaka 1993 mradi ulifungwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Baba hakupewa mafao yake yote. Badala yake aliambiwa achukue Landrova aliyokuwa akiiendesha, ambayo wakati huo ilikuwa imekaa juu ya magogo nyuma ya stoo, haina matairi, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba aliazima matairi, na gari likavutwa na ng'ombe hadi kwetu Malangali. Ng'ombe walikuwa wa mzee Malimi, Msukuma anayeishi Msanzi. Binti yake Minza ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe wa mbele. Nilikuwa nikisoma naye darasa moja, lakini tulikuwa hatujawahi kuongea. Siku iliyofuata shuleni hakumwambia mtu yeyote kwamba gari letu lilivutwa na ng'ombe. Tangu hapo tukakaa dawati moja mpaka tulipomaliza.

Majirani walicheka sana. Baba mkubwa Polikarp, kaka yake baba, alikuwa akipita na kuuliza, "Nestory, hilo ni gari au banda?" Baba alikuwa akijibu akiwa chini ya gari, "Kaka, likitembea utaomba lifti." Lilipotembea, aliomba.

Baba alifanya kazi yote uani kwetu. Aliongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili zibebe mahindi. Alirefusha bodi kwa mabomba na bati nene, akaweka mabenchi mawili ya abiria. Injini ya petroli ilikuwa inakula mafuta kupita kiasi, akaitoa, akafunga injini ya dizeli pamoja na gia boksi yake, vyote kutoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyopinduka njia ya Mwimbi. Mimi nilikuwa naosha boliti na kumpa spana. Alikuwa akitaja namba tu, nami najua ipi.

Hapa nasema jambo ambalo litamuumiza baba, lakini ni kweli. Kwenye Landrova, breki ya mkono imefungwa nyuma ya gia boksi. Ile ya zamani ilipotoka, breki ya mkono ilitoka nayo. Baba alisema ataitafutia pa kuifunga. Hakuifunga. Pia gia ya kwanza ya boksi ile nyingine ilikuwa inaruka yenyewe kama gari likitikiswa. Baba alijua na mimi nilijua. Abiria hawakuambiwa.

Kwa sababu hiyo kulikuwa na jiwe. Kwetu asubuhi ni baridi na dizeli ni ngumu kuwaka, kwa hiyo baba alikuwa akiegesha gari uani likitazama mteremko, ili aliachie lishuke na kuliwasha hivyo. Akishaegesha anatia gia ya kwanza, kisha anaweka jiwe mbele ya tairi la mbele la kulia. Alilipaka jiwe hilo rangi ya kijani iliyobaki alipopaka gari. Alituita wote wa nyumbani akasema, "Chochote cha kijani hapa ni sehemu ya gari. Hakiguswi." Shangazi Bertilla alikuwepo. Alijibu, "Na mboga je?" Tukacheka wote, na baba pia alicheka.

Shangazi Bertilla ni dada yake baba. Tunaishi naye nyumba moja. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na shangazi ndiye aliyenilea. Sina ubaya naye.

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Agosti ilikuwa harusi ya Avelina, binti yake shangazi. Misa ilikuwa saa 4 asubuhi, na gari ndilo lingewapeleka maharusi na wanakwaya kanisani. Wanawake walianza kupika uani tangu alfajiri. Minza alifika mapema na baba yake, wakileta maziwa. Alivaa gauni la kitenge sawa na langu, tulishonewa kwa fundi mmoja. Nilimwita aje akae na sisi wasichana wa sare. Shangazi alimtazama akasema, "Huyu naye amekuwa wa ukoo gani? Mikono mitupu hiyo, nenda kaoshe vyombo." Minza alisema, "Sawa, shangazi." Alishuka na beseni la sahani hadi bombani. Bomba liko chini ya mteremko, mbele ya gari.

Ilipofika kama saa 2:30, figa moja chini ya sufuria kubwa ya nyama lilipasuka kwa moto. Sufuria iliinama na mchuzi ukamwagika. Wanawake walipiga kelele. Shangazi alizunguka akitafuta jiwe, kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari. Mimi nilikuwa nafunga maua kwenye bampa ya nyuma. Nilimwambia, "Shangazi, hilo ni la gari."

Alisema, "Na nyama ni ya wageni. Nitakurudishia."

Nikamwambia, "Baba alisema lisiguswe."

Alisema, "Jamani, hata mawe ya Nestory yameajiriwa!" Wanawake wakacheka. Aliinama akalivuta. Lilitoka kirahisi, kwa sababu wakati ule gari lilikuwa limeshikwa na gia. Aliliinua na kunionyesha. "Unaona? Halikuwa linashika kitu chochote. Mwoga kama baba yako."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza.

Nilitafuta jiwe lingine, lakini yaliyokuwepo yalikuwa madogo. Nilikwenda ndani kumwita baba. Alikuwa katika chumba cha mbele pamoja na wazee wa upande wa bwana harusi, anafungwa tai na baba mkubwa Polikarp. Nilisimama mlangoni nikasema, "Baba." Baba mkubwa alisema, "Hellena, huoni watu wazima wanaongea? Subiri." Nilisubiri. Wanakwaya walikuwa wameanza kupanda kwenye gari. Nilikuwa nawasikia wakiimba na kupiga miguu kwenye bodi.

Halafu nikasikia gia inaruka. Sauti hiyo naijua. Baba naye aliijua, maana aliruka juu ya meza na tai ikining'inia upande mmoja.

Tulipotoka, gari lilikuwa limeshafika bombani. Wanakwaya walikuwa wameruka na hakuna aliyeumia vibaya. Minza alikuwa ameinama akisuza sahani, nadhani maji yalimzuia kusikia. Nimeulizwa kama alisema neno lolote. Hakusema. Baba aliliinua gari kwa jeki, na mimi na mzee Malimi tukamvuta Minza. Sitaki kueleza zaidi hapo. Alikuwa amefariki.

Polisi walifika wakamchukua baba akiwa na koti lake la harusi. Kabla hajaondoka alitazama mahali lilipokuwa jiwe, kisha akatazama jikoni, kisha akamtazama shangazi. Aliwaambia polisi, "Jiwe limeteleza." Shangazi aligeukia sufuria. Misa ilichelewa lakini ndoa ilifungwa. Watu walikwenda kanisani kwa miguu. Waliporudi walikula nyama ile.

Jumapili tarehe 11 Minza alizikwa Msanzi. Kutoka ukoo wetu nilikwenda mimi peke yangu. Mzee Malimi hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alisema tu, "Gari lile lilivutwa na ng'ombe wangu."

Jioni hiyohiyo kilikaa kikao cha ukoo. Nilikuwa napeleka chai. Baba mkubwa Polikarp alisema, "Gari lina mwenyewe, na mwenyewe ameshasema. Mama wa bibi harusi hawezi kulala mahabusu wiki ya harusi. Wakwe watatuonaje?" Mmoja akauliza, "Na huyu mtoto?" Baba mkubwa akasema, "Huyu? Huyu hata kusalimia anasalimia kwa kunong'ona." Walicheka kidogo, halafu wakakumbuka kwamba kuna msiba.

Jumatatu nilimpelekea baba uji hapa kituoni. Nilimwambia kwamba nilimwona shangazi. Alisema, "Najua. Sema liliteleza, mwanangu. Breki niliitoa mimi. Bertilla ndiye aliyekufanya ukawa mtu." Nilimuuliza, "Na Minza?" Alikunywa uji wote, akanirudishia kikombe. Toka siku hiyo hakuna mwingine wa ukoo aliyekuja kumwona.

Nimeulizwa kama natoa maelezo haya ili kumwokoa baba. Sijui kama yatamwokoa. Nimesema breki haikuwepo na nimesema gia ilikuwa inaruka, na hayo ni yake. Lakini jiwe halikuteleza. Jiwe halikuwepo. Baba alilipaka rangi ili hata mgeni alijue, na liliondolewa na mtu aliyelijua. Wakisema liliteleza, itakuwa kama hakuna aliyemtuma Minza bombani, na hakuna aliyeambiwa "lisiguswe" akacheka.

Nimeulizwa jiwe liko wapi. Liko hapa. Lilibaki jikoni uani, na tangu Jumamosi limekuwa likipikiwa chai na ugali wa wageni waliobaki. Leo alfajiri nilikuta moto umezimika nikalitoa, nikalifunga kwenye kanga. Upande uliokuwa motoni rangi imeungua, upande wa chini bado ni kijani. Shangazi alitoka akanikuta mlangoni. Hakunipigia kelele. Alisema, "Hellena, ukitoka nalo mlango huo, usirudi." Nilimwambia, "Shikamoo, shangazi," kwa sababu nilikuwa sijamwamkia. Hakuitikia. Nikatoka nalo.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na sikutumwa na mtu kuyasema.

Sahihi ya shahidi: Hellena Nestory

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Rahel, kama shahidi alivyoyatamka. Nimemsomea kwa sauti naye amekubali kuwa ni sahihi, isipokuwa aliomba neno "mwoga" lisifutwe. Nimepokea kutoka kwake jiwe moja, lenye masizi upande mmoja na rangi ya kijani upande wa pili, limehifadhiwa kama kielelezo. Kanga amerudishiwa. Alipoulizwa wito wa mahakama umfikie wapi, alijibu utumwe kwa baba yake, aliye mahabusu hapa kituoni.