Kompyuta Yako Imewaka, Kaka Hamisi

Kaka Hamisi,

Imewaka. Nimetaka ulisikie hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu kila nikiingia chumbani kwako ulikuwaga unaniuliza: "Imewaka, mdogo wangu?"

Ile kuukuu yenye maandishi ya kijani, uliyofundishia watu kuchapa hapa Tandika hadi figo zikakulaza. Unakumbuka ilivyotusumbua? Asubuhi inawaka vizuri, ikipata joto tu inazima. Mimi fundi redio, wewe mwenye mashine, tukakubaliana kwamba chipu imekufa. "Nenda Kariakoo," ukasema, "kwenye maduka ya vipuri vya zamani huikosi. Mie nipo, siendi popote." Ukacheka. Nami nikacheka.

Nilikuwa nimeshaipata, kaka. Muuzaji ananifungia, simu ikaita. Mama Rehema, jirani. "Rudi nyumbani, mwanangu." Hakusema zaidi. Mama alikuwa peke yake na wewe.

Baada ya arobaini yako ndipo nikapata moyo wa kuifungua. Niliazima saluni drya ya kukaushia nywele, nikaiwasha kompyuta, nikaipulizia bodi hewa ya moto hadi ikazima, kisha nikawa nagusagusa kipuri kimoja kimoja kwa kijiti cha mshikaki. Nilipobonyeza soketi ya umeme, ikawaka. Nikaachia, ikazima. Nikageuza bodi, nikaweka lenzi. Risasi ya kulehemu inayoushika mguu wa soketi ilikuwa imepasuka kwa duara, ufa mwembamba kama unywele. Joto likija, ufa unafunguka. Basi, ni hilo tu. Chipu ilikuwa nzima siku zote.

Nilikaa sakafuni nikalia. Laiti tungegeuza ile bodi kwanza. Laiti. Ningekuwa nyumbani siku ile, hapo hapo mlangoni kwako.

Nikaiyeyusha risasi ya zamani, nikainyonya kwa pampu yake, nikausugua mguu, nikachomelea mpya hadi ikang'aa.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Maandishi yalipotokea, akaweka ungo chini. Tukasubiri joto lipande. Haikuzima. "Na mwenyewe angekuwepo," akasema. Kisha akavuta kiti. "H iko wapi?" Akalichapa jina lako kwa kidole kimoja, polepole, akalitazama weee, halafu akanikataza nisilifute.

Kaka, siku ile uliniita? Mama haniambii. Anasema ulilala tu. Nimeacha kumuuliza, maana kila nikiuliza anageuza uso.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, kaka yangu. Mama yupo nami. Ninachokuahidi ni hiki: siku akiniita, hata kama kichomeo kina moto mkononi na mteja amesimama dirishani, nitakiweka chini, nitakwenda.

Mdogo wako,
Saida