Kiti cha Mama wa Lamya

Buyenzi, 3 Februari 2025

Dada Asiya,

Asalaam aleikum. Presha yako imetulia? Shemeji hajambo? Sisi huku wazima, tunalalamikia kelele za magereji tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikikasirika hulia, nawe ungefurahi.

Nasikia siku ya mahari ya Lamya umejitengea kiti cha mama. Dada, nilikupa mtoto alipoacha ziwa, kwa kuwa Mungu hakukujaalia wako. Nilikupa umlee, sikukupa tumbo langu. Juzi alipita hapa, nikamuuliza hayo ya kurithi sura anayofundisha shuleni. Akasema, "Mama Kaltum, nusu ya jeni inatoka kwa mama mwenye alikuzaa, nusu kwa baba." Nikauliza, na mwenye kulea? Akacheka.

Basi pua ni yangu, mwanya ni wangu. Chako kiko wapi? Na bado wewe anakuita Mama tu, mimi Mama Kaltum, kana kwamba mimi ni jirani. Kiti hicho nitakikalia mimi.

Mdogo wako,
Kaltum

Kibenga, 5 Februari 2025

Mdogo wangu Kaltum,

Waaleikum salaam. Presha ilikuwa imetulia mpaka barua yako ilipofika. Kikohozi cha Nura kimepona?

Nami nilimuuliza Lamya. Kasema mimi na wewe tumetoka kwa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo kama robo ya jeni zake ninazo pia. Robo, Kaltum! Ungeacha kujisifu ungeambiwa mpaka mwisho. Na urefu ule? Kampita mdogo wake Nura, na wote umewazaa wewe. "Jeni peke yake haitoshi," ndivyo alivyosema, "chakula nacho kinasaidia." Maziwa aliyanywa kwangu. Mwanya ni wako, sawa, lakini akicheka anauziba kwa kiganja, kama mimi.

Tena nikuambie kweli: nakuonea wivu. Miaka yote hii watu husema mbele yangu, "Huyu ni Kaltum yeye mwenyewe!" Natabasamu huku naungua. Chukua kiti chako. Mimi sitakuja.

Dada yako,
Asiya

Buyenzi, 16 Februari 2025

Dada,

Salaam. Afya yako siijui, maana simu hupokei.

Jana nilikaa kitini. Shangazi wa Rayan, bwana harusi, aliingia na kitenge cha kumtunza mama, akatazama nyuso, akanijia moja kwa moja. "Musiulize mutu, mama ni huyu hapa, sura inasema!" Mungu anisamehe, nilitamani ungekuwepo usikie.

Kisha Lamya akaletwa aniage. Nikampa mkono, hakuushika. Akapiga magoti, akainamisha kichwa mbele ya kifua changu, akafumba macho, akasubiri. Nikamshika bega. Bado anasubiri. Nikasema Mungu akubariki, mwanangu. Bado. Mwishowe akainuka mwenyewe, akaninong'oneza, "Si kitu, Mama Kaltum. Ni mazoea tu."

Nilikuja na pua yangu na mwanya wangu, na sikujua mwanangu anataka nini. Nakuonea wivu, dada, kuliko ulivyonionea wewe. Alikuwa anasubiri nini? Niambie. Ndoa ni Ijumaa.

Mdogo wako,
Kaltum

Kibenga, 17 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Mimi mzima, nimelia tu.

Huwa namsomea sura ya Kul-huwallahu mara tatu, kisha nampuliza utosini. Kila anapotoka nyumbani. Siku uliyonipa mtoto, alilia sana akikutaka wewe, sikuwa na kingine cha kumfanyia. Mama yetu alitufanyia hivyo sisi wote wawili, ila wewe ulikuwa unakimbia.

Ijumaa utampuliza wewe. Nitakuja nisimame mlangoni nione anavyofumba macho. Usitegemee kwamba nitafurahi.

Dada yako,
Asiya