Rangi Juu ya Ukuta Mbichi

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili asubuhi, mvua zimeshakatika.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na watoto je? Kile kikohozi chako kimeisha au bado unakilea? Sisi huku wazima, ila goti langu linalalamika kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima. Nimeliambia likae kimya, sare za shule bado hazijaisha.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza, maana nakujua, umeruka salamu zote ukatafuta habari za Baba. Umesema nikikubali tu utakuja umchukue akaishi kwako.

Kusema kweli, nilitaka kukujibu ndiyo. Tangu tumzike Mama, mvua zilipoanza, Baba alijifungia chumba cha nyuma, dirisha halifunguliwi, taa haiwashwi. Nikimpelekea chakula anakula vijiko viwili vitatu vya kuniridhisha, kisha anageukia ukutani. Alikuwa anaisha, mdogo wangu, anaisha huku namwona. Niliogopa sana.

Lakini ngoja kwanza, usikate tiketi.

Unakumbuka mvua zikikatika jinsi Mama alivyokuwa anatugeuza vibarua? Magodoro nje, vyombo nje, madirisha yote wazi, na Baba anapaka sebule rangi upya. Mpaka rangi wa mtaa mzima, lakini nyumba yake mwenyewe mpaka apewe amri na mkewe! Mwaka huu hapakuwa na wa kutoa amri. Nikajisemea, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaanika magodoro, nikafungua madirisha, nikamtuma shemeji yako akalete rangi. Shemeji yako unamjua, dereva wa lori yule, brashi aliyowahi kushika ni ya viatu tu.

Tukapaka siku ileile jua lilipotoka, kwa furaha, hata kuugusa ukuta kuona kama umekauka hatukuugusa. Na mimi ni binti wa mpaka rangi! Nimekua nikimsikia Baba akisema ukuta lazima uote jua kwanza, na bado nikapaka rangi juu ya ukuta mbichi. Kulipokucha, sebule nzima imeota malengelenge, mengine makubwa kama sahani. Shemeji yako akalibonyeza moja kwa kidole, likapasuka, maji yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Akacheka. Nikamwambia hakuna cha kuchekesha hapa, kisha nikacheka mimi kumshinda.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Baba huyo, kavaa fulana, kakunja uso kwa ajili ya mwanga. Akautazama ukuta. Weee! Yule mtu aliyekuwa hasemi alitusema mpaka majirani wakatoka nje.

"Nani kafanya uchafu huu? Nyumbani kwangu? Watu si watasema nimepaka mimi!"

Shemeji yako akaninyooshea kidole, mwoga mkubwa yule. Baba akaniita mjinga mara sijui ngapi, nami nikawa napokea kama zawadi. Akaagiza chuma chake cha kukwangulia, halafu akaagiza chai na mkate. Alikula amesimama, anagomba huku mdomo umejaa.

Tukakwangua rangi yote, yeye huku chini, shemeji yako juu ya ngazi akisimangwa. Kisha Baba akatukataza kugusa kopo. Kazi ikawa kusubiri. Kila asubuhi anafungua madirisha mwenyewe, anauwekea ukuta kiganja kama anayepima homa ya mtoto, anasema, "Bado." Akishasema bado, anakwenda kukaa mlangoni, juani. Mimi nashona, yeye amekaa.

Siku moja akasema, "Mama yenu asingengoja hivi. Angeshanifokea." Akacheka kidogo, kisha akalia. Ndiyo mara ya kwanza namwona analia tangu maziko. Nikaacha cherehani nikaenda kukaa naye. Tulilia wote wawili, sikufichi. Aliponyamaza akaniambia nirudi kazini, nguo za watu zinangoja.

Wiki iliyopita akasema umekauka. Akapaka yeye, polepole, mstari umenyooka. Asubuhi yake jua likaingia. Jamani, sebule ile ilivyong'aa! Unanijua, mimi si mtu wa maneno matamu, lakini nilisimama katikati ya chumba nikasahau pasi juu ya suruali ya mteja. Palikuwa pazuri. Pametulia, na moyo wangu nao ukatulia, kwa mara ya kwanza tangu Mama atutoke. Suruali iliungua kidogo, hilo tutalimaliza mimi na mwenyewe.

Sisemi kwamba amepona. Bado analala na shuka ya Mama, na jioni bado anakuwa mkimya. Ila anakula, na dirisha la chumba chake liko wazi.

Jana nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ukuta wa nje, upande wa barabarani, tumeupaka. Nikamwambia bado, unamngoja yeye.

"Mimi ngazi siiwezi tena," akasema. "Huo ni wa mwanangu. Mwambie asije kunichukua. Aje kupaka. Nitamshikia ngazi."

Jibu lako ndilo hilo. Mimi sina la kuongeza.

Shemeji yako anakusalimu, na wanangu wanamsalimu mjomba wao. Shangazi anasema umezidi kunyamaza, mkumbuke. Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mungu awape afya, na akufungulie njia, uje angali ana nguvu za kuishika hiyo ngazi.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada