Kwa Nini Wanunuzi wa Dagaa Waliacha Kuja

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na baba, bado anakataa kuvaa miwani? Mimi ni mzima, na nina furaha hata naandika mbio mbio. Nisamehe mwandiko.

Mdogo wangu Masanja alinipigia simu akasema wewe na shangazi hamsalimiani. Eti wanunuzi wa huku wameacha kuja huko kwetu Pasiansi kwa sababu shangazi anaanika dagaa chini, wanajaa mchanga, na ameharibu jina la mwalo mzima mnakoshushia samaki. Mama, shangazi hana kosa! Nilikuwepo shida hii ilipoanza.

Mji huu wa mpakani unaishi kwa migodi ya shaba. Wanunuzi wa shaba walipopunguza kununua, dola ziliadimika, na pesa ya huku ikaanza kushuka thamani. Hata hivyo sokoni tuliendelea kuuza, mimi na dagaa wangu. Kisha asubuhi moja jirani yangu wa sokoni, Mama Chanda, muuza mafuta ya mawese, alikuja mbio huku kitenge kinamdondoka.

“Minza, benki imefilisika! Kachukue chako!”

“Nani kasema?”

“Watu wote wanasema!”

Nikakimbia na mimi, mama, nikapanga foleni. Kumbe benki ilikuwa nzima, ni dirisha moja tu lililoishiwa noti. Ila tulivyoivamia wote kwa pamoja, ikakauka kweli. Kesho yake foleni zikahamia benki nyingine. Wafanyabiashara wa nchi jirani, waliokuwa wamewakopesha watu wa huku, wakaingiwa hofu na wao, wakaficha dola zao. Matajiri wa malori, ndio hao wanunuzi wenu wa dagaa, wakakosa dola za kununulia mzigo. Ndipo mwalo wenu ukawa kimya.

Hapa sokoni hakuna aliyekuwa na noti ya kununulia kitu. Nilishindia uji. Mwishowe Mama Chanda akaniambia, “Wewe una dagaa, mimi nina mafuta. Tunaisubiri benki ya nini?” Tukabadilishana. Muuza unga akatuona, akaja na kopo lake. Fundi viatu naye akaja. Soko likaanza kupumua!

Wiki hii benki zimefungua madirisha yote, pesa imetulia, na watu wanakula tena. Jana wanawake wawili nusura wapigane kwa ajili ya kopo langu la mwisho la dagaa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Nenda kwa shangazi leo hii. Akinuna, mbebee samaki, sato mnene, umwambie namsalimia sana. Nisalimie pia baba, mwalimu wangu wa kwaya, na mjomba wa Magu akija kuuza mpunga.

Na huyo mzee aliyekukabidhi barua hii ni dereva. Tumemkodi sisi wanawake wa soko hili kwa pamoja, aje kutununulia dagaa. Mpe maji ya kunywa, mama, halafu itaneni mwalo mzima, maana lori lake liko tupu.

Binti yako,
Minza