Kibuyu Nilichokisugua

Mama Ndanu,

Muthokoi wetu wa mahindi uko kwa jiko, ongeza maji ukitoka shambani. Mbuzi wamekunywa. Vile vyuma vyangu vya saruji vya mazoezi nimevitoa mlangoni, usije ukajikwaa tena.

Nimeenda Nunguni kwa miguu. Ndiyo, kilomita kumi na mbili, na bado mgongo wangu ni mzima kuliko wa hao vijana wa bodaboda. Nitarudi ~~saa nane~~ saa kumi.

Sasa, mambo ya asubuhi. Niliona weusi ndani ya kibuyu chako cha maziwa lala, nikajiambia huo ni uchafu. Nikatia sabuni na changarawe, nikakitikisa mara mia kwa kila mkono, usafi na mazoezi pamoja. Kikatakata! Kumbe ni ule mkaa ambao wewe umekuwa ukikipaka tangu tuoane, na ndio unaoyapa maziwa utamu. Ukaniambia, "Miaka ishirini na mbili ulikuwa kambini, na hata siku moja hiki kibuyu hakikuomba afisa wa kukikagua." Hiyo iliuma, kwa sababu ni kweli.

~~Lakini uchafu ni uchafu.~~ Nimekosa.

Nakuletea kibuyu kipya kutoka kwa mama anayeuza vibuyu soko la Nunguni. Utanionyesha jinsi ya kukipaka mkaa, polepole, kama kurutu.

Filimbi ninayowaamshia nyote nyumbani kila alfajiri iko chini ya karatasi hii. Kesho piga wewe. Mimi nitakuwa wa kwanza kusimama.

Baba Ndanu